KHABARI ZA MTWA MKWAWA WA UHEHE, NA MTU KUJIPIMA KWA MWENZIWE

Sifa zote njema zamstahikia Mwenyezi Mungu, aliyewaumba wanadamu kwa baba mmoja na mama mmoja, akawatofautisha kwa rangi na lugha na riziki, si ili wajifakhirishe bali ili wajuane. Na rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake, na kila mwenye kufuata mwendo wao mpaka siku ya malipo.

Ama baada ya hayo. Katika maradhi ya moyo mna moja ambalo watu hawaliiti maradhi, kwa kuwa wamelizoea. Nalo ni mtu kuitafuta thamani ya nafsi yake kwa jirani. Humtazama mwenziwe, akimwona yuko chini yake, kifua humpanuka, na akimwona yuko juu yake, moyo humsinyaa. Maradhi haya yana watoto wawili wasiofanana sura: mmoja ni kibri, na wa pili ni unyonge. Watu huwadhani ni maadui, kumbe mama yao ni mmoja. Wa kwanza kuugua ni Ibilisi, alipoupima moto wake na udongo wa Adamu akajiona bora. Akafuata Kabili, alipoipima sadaka yake na sadaka ya nduguye Habili. Yule wa kwanza alitolewa katika rehema, na huyu wa pili akawa muuaji wa nduguye.

Kijitabu hiki chaeleza maisha ya mtu ambaye jina lake lajulikana na wakubwa kwa wadogo katika Iringa na Mbeya, naye ni Mtwa Mkwawa wa Uhehe. Yeye hakuwa Mwislamu. Lakini Waislamu wameamrishwa watembee katika ardhi na kuutazama mwisho wa waliowatangulia, na katika maisha ya mtu huyu, na ya jirani zake, mna mazingatio kwa mwenye kuzingatia.

Jirani aliyekuwa mkubwa

Jina lake kamili ni Mkwavinyika, mwana wa Munyigumba, wa ukoo wa Muyinga. Maana ya Mkwavinyika ni mwenye kuziteka nchi, na Mkwawa ni ufupisho wake. Alizaliwa kadiri ya mwaka 1855 huko Luhota, katika nchi ya Iringa. Neno mtwa kwa Kihehe ni cheo cha mtawala, kama vile watu wa pwani walivyosema sultani au jumbe.

Zamani hizo Wahehe hawakuwa taifa moja. Walikuwa watu wa vilima, kila kilima na mkubwa wake, na Munyigumba ndiye aliyewakusanya, wengine kwa vita na wengine kwa kuoleana. Wakubwa wa nyanda za juu siku zile walikuwa Wasangu, waliokaa magharibi katika tambarare yanamokusanyika maji ya Ruaha Mkuu, nchi ambayo leo imo katika mkoa wa Mbeya. Mtawala wao aliitwa Merere, na mji wake Utengule. Wasangu nao walikuwa wamejifunza namna ya vita kwa Wangoni waliopanda kutoka kusini. Wahehe walipowatazama Wasangu waliona watu waliopangwa vikosi, wenye silaha na mavazi ya vita na utii kwa wakubwa wao. Wakayachukua hayo yote, na Munyigumba akawapanga watu wake vivyo hivyo.

Hapa yafaa kupambanua mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumtazama mwenzio ukajifunza kwake jambo jema, bila ya kutamani limtoke, si dhambi. Wanazuoni huliita ghibta, na Mtume, rehema na amani zimshukie, alilisifu kwa watu wawili: aliyepewa mali akaitoa katika haki, na aliyepewa elimu akaitumia na kuwafundisha watu. Ama hasadi ni kutaka neema imwondokee mwenyewe. Mwenye ghibta hutazama kitendo cha mwenziwe, na mwenye hasadi hukitazama cheo chake. Wahehe walipojifunza kwa Wasangu walikuwa katika lile la kwanza. Lakini mtu akiisha kujifunza kwa jirani yake, mara nyingi nafsi humtuma amshinde jirani huyo huyo, ili asiwepo tena wa kupimwa naye.

Ndivyo ilivyokuwa. Munyigumba akapigana na Merere, na mwaka 1877 Elton, balozi wa Kiingereza aliyepita Usangu, alizikuta nchi hizo mbili katika vita. Vita vile viliendelea mpaka zama za mwanawe Munyigumba, na mwisho wake Merere akang'olewa katika tambarare yake. Akakimbilia magharibi katika nchi ya Wasafwa, chini ya milima iliyo karibu na mji wa Mbeya wa leo, akajenga mji mwingine. Nao mji huo mpya akauita Utengule, kwa jina la ule uliompotea. Jina lile likawa ukumbusho wa kila siku: kila aliyetaja mahali anapolala, alitaja pamoja nalo mahali alipofukuzwa.

Mkwawa ashika utawala

Munyigumba akafa mwaka 1879. Baba akiondoka, huinuka fitina nyumbani mwake, ikainuka. Mkwe wake, jina lake Mwamubambe, aliutaka utawala, na Mkwawa, ambaye umri wake ulikuwa kadiri ya miaka ishirini na minne, akakimbilia pande za Ugogo. Kisha akarudi na watu wake, wakapigana vita vikali mahali palipoitwa tangu hapo Lundamatwe, yaani palipolundikwa vichwa. Mwamubambe akashindwa, na Mkwawa akawa mtwa wa Uhehe wote.

Tangu hapo nguvu yake ilizidi. Alipigana na Wangoni, akawashambulia Wagogo na watu wa Usagara, na watu wake wakazikalia njia za misafara itokayo pwani kwenda bara, hata jina la Wahehe likawa la kuogofya toka mito ya mashariki mpaka mlima wa Mbeya. Pale Kalenga, ukingoni mwa Ruaha Mdogo, akajenga ngome ya mawe yenye ukuta mrefu, ikawa mji wa kutajwa katika bara yote.

Sifa ya ushujaa hakuna awezaye kumnyima Mkwawa. Lakini sifa yake ilisimama juu ya kitu gani? Ilisimama juu ya kuwa Merere amekimbia, na Mwamubambe amekufa, na misafara yaogopa. Ukubwa wa namna hii wahitaji daima mtu mwingine awe mdogo. Nyumba iliyojengwa juu ya bega la jirani haiwezi kukaa imara, kwani bega si msingi. Siku jirani atakapoinuka, au atakapokuja mwenye nguvu zaidi, nyumba hutikisika yote.

Nyundo na vita vya Lugalo

Katika miaka hiyo Wadachi, ambao leo twawaita Wajerumani, waliishika pwani, wakavunja upinzani wa Abushiri bin Salim na wenziwe katika mwaka 1888 na 1889, kisha wakaelekeza macho bara. Mwaka 1891 wakamtuma kamanda wao Emil von Zelewski aende kuwatiisha Wahehe. Wenyeji walimpa jina la Nyundo, kwa namna alivyowapiga watu. Alikuwa na askari na wapagazi wengi, na bunduki za kisasa, na mizinga.

Nyundo naye alikuwa mgonjwa wa maradhi haya haya. Alizipima bunduki zake na mikuki ya Wahehe, akawaona si kitu. Kwa hiyo alipita katika nchi yao kama mtu apitaye katika shamba lake, asitangulize wapelelezi wa kutosha, na askari wake wakafuatana kwa mstari mrefu katika njia nyembamba yenye mawe na vichaka.

Tarehe 17 Agosti 1891, katika mwezi wa Muharram wa mwaka 1309 wa Hijra, walifika Lugalo, mashariki ya Iringa. Wahehe wapata elfu tatu walikuwa wamejificha katika majabali, na mkubwa wao vitani alikuwa Mpangile, nduguye Mkwawa. Inasimuliwa kwamba Mdachi mmoja alimpiga ndege bunduki, na mlio ule Wahehe wakaudhani ni ile ishara waliyokuwa wakiingoja. Wakashuka kwa mikuki. Vita havikuchukua muda mrefu: Nyundo akafa, na Wazungu wengi aliokuwa nao, na askari wapata mia tatu hivi pamoja na wapagazi. Bunduki mamia na mizinga mitatu ikawa ngawira ya Wahehe.

Mtume alieleza kwamba kibri ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Nyundo aliwadharau watu kabla ya kuwajua, na dharau yake ndiyo iliyomficha macho asiione khatari iliyo mbele yake. Hii ndiyo madhara ya kwanza ya kujipima: mwenye kujiona yuko juu hupofuka.

Wahehe nao walilipa ushindi huo kwa damu nyingi, na inasimuliwa kwamba Mkwawa alikataza maiti wasililiwe kwa sauti, ili wingi wao usijulikane. Akiwa ni kweli alitoa amri hiyo, basi ni jambo la kutafakari. Mwenye kuishi kwa kuonekana mkubwa hulazimika kuwaficha watu jeraha lake, na jeraha lililofichwa halipati tabibu.

Kuanguka kwa Kalenga

Wadachi hawakusahau. Tarehe 30 Oktoba 1894 gavana wao, Friedrich von Schele, aliishambulia Kalenga kwa mizinga na askari wengi. Ukuta uliosemwa kuwa hauvunjiki ukaingiwa siku ile ile, na silaha zilizotekwa Lugalo zikarudi mikononi mwa wenyewe. Mkwawa akatoka akaingia porini.

Sasa yatazamwe majirani. Wale aliowashinda wakati wa nguvu zake hawakusimama naye siku ya msiba wake. Kiwanga, mtawala wa Wabena wa bonde la Ulanga, alikuwa upande wa Wadachi. Na Merere, mwana wa yule aliyefukuzwa, kwani jina hilo lilirithiwa, aliwatoa watu wake waende pamoja na Wadachi kumtafuta Mkwawa. Haifai kumlaumu peke yake. Alikuwa na haki ya kuitaka nchi ya baba yake, na miaka mingi alikaa katika Utengule ya ugenini akiitazama nchi yake ikiwa chini ya mtu mwingine. Lakini yatazamwe aliyoyapata. Alirudishwa Usangu kama alivyotamani, akamwona adui yake ameanguka, na furaha ya kumwona aliyekuwa juu ameshuka ilitimia. Hata hivyo alirudi kwa idhini ya Wadachi, akakaa chini ya amri yao, akapokea kutoka kwa mgeni kile alichokuwa akikitaka kwa jirani. Kushuka kwa Mkwawa hakukumpandisha Merere hata hatua moja; wote wawili waliishia chini ya mkono mmoja.

Mwaka 1896 kamanda wa Kidachi Tom von Prince alijenga boma jipya, nalo ndilo asili ya mji wa Iringa wa leo. Akafikiri kwamba Wahehe wakipewa mtwa mwingine watamwacha Mkwawa. Basi mwezi wa Desemba 1896 akamtawaza Mpangile, yule yule aliyeongoza vita vya Lugalo. Yaliyokuwa moyoni mwa Mpangile ayajua Mola wake. Alikuwa mtu wa pili nyuma ya nduguye maisha yake yote, na sasa akawekewa kiti cha wa kwanza. Lakini kiti kile hakikuwekwa kwa ajili ya sifa zake. Kiliwekwa ili nduguye aonekane mdogo. Hazikutimia siku sitini. Mwezi wa Februari 1897 Wadachi walimtuhumu kwamba amsaidia nduguye kwa siri, wakamwua.

Na hii ndiyo madhara ya pili. Cheo ambacho thamani yake ni kumshusha mwingine, mwenye kukitoa hukiondoa siku anapoona hakimshushi tena.

Miaka ya porini na mwisho wake

Wadachi wakatangaza rupia elfu tano kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa. Kwa zamani zile ilikuwa mali kubwa sana, na nchi ilikuwa imeingiwa na njaa, kwani mashamba yalichomwa na ng'ombe walichukuliwa. Pamoja na hayo Mkwawa alikaa porini karibu miaka miwili tangu boma la Iringa lilipojengwa. Raia walimlisha, wakamficha, wakampelekea khabari, na waliokamatwa wakapata adhabu kwa ajili yake.

Na hapa pana jambo kubwa kuliko vita vya Lugalo. Mtu huyu alikuwa hana tena ngome, wala mizinga, wala ng'ombe, wala kiti. Kila kitu ambacho kwacho watu walimpima na majirani zake kimeondoka. Kama thamani yake ingalikuwa katika vitu vile, basi siku ile angalikuwa si kitu, na rupia elfu tano zingalimnunua kwa siku moja. Lakini watu wenye njaa waliinyima mikono yao fedha hiyo. Walimpenda kwa jambo ambalo halikuhesabiwa katika mizani ya Merere wala ya Nyundo. Basi ni dhahiri kwamba thamani ya mtu yaweza kuwa kamili siku ile ile anayodhani kwamba imekwisha.

Ama yeye aliona nini katika siku zile? Hilo halijulikani ila kwa Mwenyezi Mungu. Lijulikanalo ni kuwa alikuwa mgonjwa na watu aliobaki nao walikuwa wachache mno. Tarehe 19 Julai 1898, katika mwaka 1316 wa Hijra, kikosi cha sajenti Merkl kilimfuata mpaka Mlambalasi, wakasikia mlio wa bunduki, na walipofika wakamkuta amekufa. Alikuwa amejipiga risasi kwa mkono wake, asishikwe hai.

Watu wengi husimulia mwisho huu kwa fahari, na yafahamika kwa nini, kwani alikataa kufungwa na waliomnyang'anya nchi yake. Lakini mwenye kuwafundisha Waislamu haimfai kunyamaza. Nafsi si mali ya mwenyewe, ni amana ya Muumba wake, na kujiua ni haramu katika sheria na ni katika madhambi makubwa, hata kwa mwenye maumivu, hata kwa mwenye kuogopa fedheha. Mkwawa hakusoma sheria hii, na hukumu yake iko kwa Mola wake aliye mwadilifu, ambaye hamwadhibu asiyefikiwa na mjumbe. Wala hapana ruhusa ya kumtia mtu peponi au motoni kwa ulimi. Ila Mwislamu aliyeisoma hana udhuru wa kuufanya mwisho ule kuwa mfano wake.

Na kwa kuwa jambo hili huziingia nyumba za watu, yafaa lielezwe sawasawa. Katika madhhabi ya Imamu Shafi mwenye kujiua amefanya dhambi kubwa, walakini hatoki katika Uislamu kwa tendo hilo. Huoshwa, husaliwa, huzikwa pamoja na Waislamu na huombewa maghufira, na jamaa zake hawapasi kutengwa wala kuaibishwa. Na aliye hai ambaye dunia imembana, akajiona hana thamani tena mbele ya watu, hiyo ni siku ya kumwendea mtu amwaminiye na kumweleza, wala asikae peke yake na fikira hiyo. Na jirani akimwona mwenziwe ameanguka baada ya kuinuka, katika biashara, au katika kazi, au katika mtihani wa shule, ni wajibu amwendee yeye mbele kabla ya kuitwa. Raia wa Uhehe walimpelekea chakula mtu wao katika pango. Haifai Waislamu wa mjini washindwe kumbishia hodi jirani.

Kichwa kilichopimwa

Baada ya kufa kwake kichwa kilikatwa kikapelekwa kwa von Prince huko Iringa, na mwisho fuvu likachukuliwa Ujerumani. Mwili ukazikwa Mlambalasi bila ya kichwa.

Vita Kuu vilipokwisha, mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 katika sharti lake la 246 uliitaka Ujerumani ilirudishe fuvu la Mkwawa. Halikurudishwa wakati huo. Mwaka 1953 gavana wa Kiingereza wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda katika nyumba ya makumbusho ya mji wa Bremen, akakuta humo mafuvu wapata elfu mbili, na katika hayo themanini na manne yalitajwa kuwa yametoka Afrika ya Mashariki. Yakapimwa kwa vyombo, na vipimo vyake vikalinganishwa na vichwa vya jamaa za Mkwawa walio hai, na moja likachaguliwa kuwa ndilo. Mwaka 1954 Twining alilikabidhi kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, huko Kalenga, na hapo limehifadhiwa.

Lakini kwa nini mafuvu elfu mbili yawekwe katika nyumba moja? Ni kwa kuwa katika zama zile walikuwako wataalamu wa Ulaya waliopima vichwa vya wanadamu kwa urefu na upana, wakidai kwamba kwa njia hiyo watajua taifa lipi ni bora na lipi ni duni. Maradhi ya Ibilisi yakavikwa vazi la elimu. Walipima mfupa wakadhani wamempima mtu. Leo elimu yenyewe imeibatilisha kazi ile, na watu wa Ulaya wenyewe wanaionea haya. Lakini Waislamu hawakuhitaji kungoja miaka mia ili wajue hayo, kwani Mtume katika hija yake ya kuaga aliwafundisha kwamba Mwarabu hamshindi asiyekuwa Mwarabu, wala mweupe hamshindi mweusi, ila kwa kumcha Mungu. Na uchaji huo mahali pake ni moyoni, ambapo chombo cha kupimia hakifiki.

Mazingatio

Basi haya ndiyo maisha ya Mtwa Mkwawa na ya wale waliokuwa pamoja naye. Nyundo alijiona yuko juu akapofuka. Merere alijiona yuko chini, akakinunua cheo chake kwa adui mwingine. Mpangile alipewa kiti cha kumpunguza nduguye, na kiti kikamwua. Na Mkwawa, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, alifikwa na siku ambayo vyote alivyopimwa kwavyo vimeondoka, na mapenzi ya watu yalikuwa yamebaki.

Katika Iringa na Mbeya ya leo hapana ngome za mawe, lakini mizani ni ile ile. Mtu huona nyumba yake ya bati ni njema mpaka jirani aezeke kwa vigae. Mkulima hushukuru kwa magunia yake ya mahindi mpaka asikie magunia ya mwenziwe. Mzazi humwambia mtoto kwamba mwana wa fulani amekwisha khitimu naye bado yuko katika juzuu ya Amma, akidhani amemhimiza, kumbe amemfundisha kuichukia Kurani na kumchukia mwana wa fulani. Zamani jirani alikuwa wa mlango wa pili; leo kijana huwatazama majirani wa dunia nzima katika picha za simu, nao humwonyesha karamu zao wala hawamwonyeshi madeni yao.

Dawa yake ni mambo matatu. La kwanza, katika mambo ya dunia amtazame aliye chini yake kuliko aliye juu yake, kama Mtume alivyousia, si ili amdharau, bali ili asiidharau neema aliyo nayo. La pili, katika mambo ya dini na elimu na tabia njema amtazame aliyemtangulia, amfuate bila ya kumtakia kuanguka. La tatu, ajipime na nafsi yake mwenyewe: leo yake ikiwa njema kuliko jana yake, hata kwa aya moja aliyoihifadhi au kwa neno moja baya aliloliacha, basi amefaidi, na jana ikiwa njema kuliko leo, basi na atubu, hata kama ameshinda majirani wote wa mtaa wake. Mwalimu wa chuo naye amwulize mtoto ameongeza nini tangu Ijumaa iliyopita, wala asimwulize amepitwa na nani.

Mwenyezi Mungu azitakase nyoyo za Waislamu na kibri na unyonge, awape kukinai na vyao na kufurahi kwa vya wenzao, na amfariji kila aliyevunjika moyo katika nchi hizi za juu na kwingineko. Na Mungu ndiye ajuaye zaidi.